Tarakimu Tunazoandika Bila Kuzipima

Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu katika historia ya Mashindano ya Dunia ya Riadha. Anayeisoma karatasi ya matokeo ya marathoni ile bila kuwa ameitazama hukutana na jambo linaloweza kumkanganya: mshindi ameandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na wa pili, Amanal Petros wa Ujerumani, naye ameandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kamera ya mstari wa kumalizia ilionyesha kwamba Simbu alitangulia kwa sekunde 0.03. Kwa mwendo wa mita 6 kwa sekunde, hiyo ni tofauti ya sentimita 18 baada ya kukimbia zaidi ya kilomita 42. Waamuzi waliiona tofauti hiyo, wakaitumia kutoa dhahabu, kisha wakakataa kuiandika kwenye safu ya muda.

Walikuwa sahihi, na sababu zao zinafaa kusomwa na kila anayeandika namba kwa ajili ya watu wengine kuzisoma, awe mhasibu, mtafiti, mwandishi wa habari au mwalimu wa fizikia.

Urefu wa marathoni ni kilomita 42.195. Namba hiyo ina tarakimu tano, na mtu angedhani kwamba kila barabara inayotumika imepimwa mpaka mita ya mwisho. Ukweli ni kwamba barabara hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa kinachohesabu mizunguko ya gurudumu la mbele. Kabla ya kazi, mpimaji huendesha baiskeli hiyo kwenye kipande cha barabara kilichopimwa kwa futi ya chuma ili ajue gurudumu lake linatoa hesabu ngapi kwa kilomita moja, na akimaliza hurudia zoezi lile lile, kwa sababu jua likipanda hewa ndani ya tairi hutanuka na gurudumu hubadilika ukubwa. Kwa kuwa kila mtu anajua kuwa njia hii ina kosa lake dogo, kanuni humwongezea mpimaji mita moja kwa kila kilomita, ili barabara isije ikawa fupi kuliko inavyotakiwa. Jumla ya nyongeza hiyo ni mita 42 hivi. Mwaka 2023, jijini Chicago, Kelvin Kiptum wa Kenya alimaliza kwa saa 2 na sekunde 35, yaani mwendo wa wastani wa mita 5.83 kwa sekunde. Mtu wa mwendo huo huhitaji sekunde 7 kuzimaliza mita 42. Basi kama urefu wa barabara wenyewe unaweza kutofautiana baina ya jiji na jiji kwa kiasi cha kumgharimu mkimbiaji sekunde kadhaa, kuna maana gani kuandika muda wa marathoni kwa sehemu ya mia ya sekunde? Kamera ingeweza kutoa tarakimu hizo bila taabu. Barabara ndiyo isingeweza kuzibeba.

Hata hivyo, sekunde 0.03 za Simbu zilikuwa za kweli kabisa. Yeye na Petros walikimbia barabara ile ile, wakaanza kwa mlio mmoja na kumalizia kwenye mstari mmoja, kwa hiyo kosa lolote la urefu wa barabara liliwahusu wote wawili kwa kiasi kile kile na likajifuta lenyewe lilipokuja suala la nani katangulia. Kulinganisha vitu viwili vilivyosimama pamoja ni kazi moja, na kutangaza kipimo cha kila kimoja ili kilinganishwe na vya mbali ni kazi nyingine, na usahihi unaotosha kwa kazi ya kwanza hauhamii wenyewe kwenye ya pili. Waliopanga kanuni za riadha wamelielewa hilo: picha huamua nafasi, saa huandika muda, na muda wa mbio za barabarani huishia kwenye sekunde nzima.

Hiki ndicho shuleni tulichokifahamu kama tarakimu muhimu, somo ambalo wengi walilipita kwa kukariri sheria za sifuri na kulisahau baada ya mtihani. Kiini chake ni kwamba idadi ya tarakimu katika kipimo ni taarifa yenyewe. Anayeandika sentimita 12.4 anadai kwamba kifaa chake kinaweza kutofautisha 12.4 na 12.5. Akiandika 12.400, anadai kifaa kilicho bora mara mia, na kama mkononi ana rula ya kawaida, basi ameongeza sifuri mbili ambazo hakuzipima. Mtihani wa fizikia utamkata alama. Maofisini na kwenye vyombo vya habari hakuna wa kumkata, na ninadhani hapo ndipo tofauti ilipo. Michezo imejifunza kukadiria kwa uangalifu kwa sababu kila tarakimu ina mtu aliyekaa upande wa pili akiidai, na palipokosekana mdai, tarakimu huota zenyewe kama magugu.

Tazama jinsi riadha inavyochagua hata upande wa kukadiria. Sheria ya darasani inasema tano na kuendelea panda, chini ya tano shuka. Uwanjani sheria hiyo haitumiki. Muda wa mbio za mita 100 husomwa kwenye picha hadi sehemu ya elfu ya sekunde, kisha hupandishwa kwenda sehemu ya mia inayofuata, hata kama ziada ni sehemu moja tu ya elfu. Umbali wa kurusha mkuki au wa kuruka chini hufanyiwa kinyume: hushushwa hadi sentimita nzima. Mita 92.72 za Julius Yego, zilizompa ubingwa wa dunia jijini Beijing mwaka 2015, maana yake ni kwamba mkuki ulifika angalau hapo. Upepo nao, ukimsukuma mkimbiaji kutoka nyuma, hupandishwa, hivyo kwamba upepo wa mita 2.01 kwa sekunde huandikwa 2.1 na rekodi haipo tena, kwa kuwa kikomo ni 2.0. Mwelekeo ni mmoja katika yote matatu: ukadiriaji humwelemea anayedai. Kwa utaratibu huo, rekodi yoyote iliyoandikwa inaweza kusomwa kama kauli ya uhakika, kwamba mtu huyu alifanya hivi au vizuri zaidi ya hivi. Mhandisi anayekadiria mzigo ambao daraja linaweza kubeba angefaa kufuata mantiki hiyo hiyo, ashushe uwezo na kupandisha uzito, wala asiikimbilie ile tano ya darasani.

Riadha haikuzaliwa na hekima hii, na michezo mingine ilifundishwa na aibu. Kwenye Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972, fainali ya kuogelea mita 400 kwa mitindo mchanganyiko iliwafikisha Gunnar Larsson wa Sweden na Tim McKee wa Marekani ukutani kwa muda ule ule wa dakika 4 na sekunde 31.98. Waamuzi wakaenda kwenye tarakimu ya tatu: Larsson 4:31.981, McKee 4:31.983. Dhahabu ikatolewa kwa tofauti ya sehemu 2 za elfu ya sekunde, ambayo kwa mwendo wao ilikuwa milimita 3 tu. Baadaye ndipo watu walipouliza swali ambalo lilipaswa kutangulia, yaani bwawa lenyewe limejengwa kwa usahihi gani. Kanuni za ujenzi wa mabwawa ya mita 50 huruhusu ziada ya hadi sentimita 3, na waogeleaji wale walikuwa kwenye njia tofauti na waliukata urefu huo mara nane. Saa ilikuwa inatofautisha vitu ambavyo saruji haikuvitofautisha. Hapa hata ule utetezi wa Tokyo hauwezi kutumika, kwa maana hawakupita njia moja. Tangu hapo kuogelea kuliacha sehemu za elfu, na matokeo yake yalionekana wazi kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Michael Phelps, Chad le Clos wa Afrika Kusini na László Cseh wa Hungaria walipogusa ukuta kwa sekunde 51.14 wote watatu katika mita 100 za mtindo wa kipepeo, wakapewa medali tatu za fedha.

Lakini asidhani mtu kwamba kupunguza tarakimu daima ni unyenyekevu. Kukadiria kupita kiasi nako ni kusema uongo, na ushahidi upo kwenye rekodi ambayo Watanzania wanaikumbuka vizuri. Filbert Bayi alipoongoza mwanzo hadi mwisho kwenye mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, kamera ilisoma dakika 3 na sekunde 32.16, lakini rekodi ya dunia iliyotambuliwa rasmi iliandikwa 3:32.2. Wakati huo mbio hizo zilikuwa zinaandikwa kwa sehemu ya kumi tu, desturi iliyorithiwa kutoka kwenye saa za mkononi ambazo kidole cha mtunza muda kilikuwa ndicho kikomo cha usahihi wake. Agosti 1979 Sebastian Coe wa Uingereza aliivunja rekodi ya Bayi kwa 3:32.03, ikaandikwa 3:32.1. Julai mwaka uliofuata Steve Ovett, naye Mwingereza, alikimbia 3:32.09 huko Oslo. Ikaandikwa 3:32.1, na vitabu vikatangaza kwamba ameifikia rekodi ya Coe. Kumbe alikuwa nyuma yake kwa sekunde 0.06, umbali wa zaidi ya sentimita 40 kwa mwendo ule, na kamera ilikuwa imeuona. Lingekuwa jambo jepesi kuilaumu kanuni ya kupandisha, kwa sababu kwa sheria ya darasani Coe angepata 3:32.0 na Ovett 3:32.1; lakini jozi nyingine ya namba, tuseme 32.06 na 32.14, ingelingana kwa sheria hiyo ya darasani vilevile. Kosa lilikuwa kwenye sehemu ya kumi yenyewe, ambayo ilibaki kitabuni baada ya kifaa kilichoihalalisha kuondoka. Kuanzia mwaka 1981 rekodi za mbio za uwanjani hadi mita 10,000 zilianza kutambuliwa kwa sehemu ya mia.

Kwa hiyo idadi ya tarakimu si suala la tabia, kwamba mwenye adabu aandike chache na mwenye kujigamba aandike nyingi. Hutokana na kiungo dhaifu kuliko vyote katika mnyororo wa upimaji. Katika marathoni kiungo hicho ni barabara, Munich kilikuwa ukuta wa bwawa, na enzi za Bayi kilikuwa kitabu cha rekodi.

Kikokotoo hakijui lolote kati ya hayo. Mchukue Ferdinand Omanyala, ambaye Septemba 2021 jijini Nairobi alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 na kuweka rekodi ya Afrika. Mwanafunzi akiulizwa wastani wa mwendo wake atagawanya 100 kwa 9.77, na kioo kitamjibu 10.23541453. Muda una tarakimu tatu muhimu, kwa hiyo jibu halali ni mita 10.2 kwa sekunde. Zote zinazofuata ni mazao ya mgawanyo, hazikutoka uwanjani. Ila kuna mtego wa pili ambao huwanasa hata waliouruka wa kwanza. Akiambiwa ageuze mwendo huo uwe wa kilomita kwa saa, na akaanza na 10.2 aliyokwisha kukadiria, atazidisha kwa 3.6 na kupata 36.7. Akirudi kwenye namba nzima iliyo kwenye kikokotoo atapata 36.8475, yaani 36.8. Jibu la kwanza limeharibika kwa sababu amekadiria katikati ya safari. Kanuni ya vitendo ni kubeba tarakimu zote wakati wa kukokotoa na kukadiria mara moja tu, mwishoni.

Mtego huo wa katikati umeacha alama yake kwenye mlima wetu mkubwa. Urefu wa Kilimanjaro unaojulikana na kila mtoto wa shule ni mita 5,895. Kwa futi, vitabu vingine huandika 19,340 na vingine 19,341, na watalii hubishana ipi ni sahihi. Chukua futi 19,340 na kuzigeuza kuwa mita: utapata 5,894.8, ambayo ikikadiriwa ni 5,895. Sasa zirudishe mita 5,895 kwenye futi: utapata 19,340.55, ambayo ikikadiriwa ni 19,341. Mlima umerefuka futi moja kwa kwenda na kurudi kati ya vipimo viwili, bila mtu yeyote kuupanda. Tena namba 19,340 ina utata wake yenyewe, kwa sababu msomaji hawezi kujua kama sifuri ya mwisho imepimwa au imewekwa kujaza nafasi. Sifuri za namna hiyo zimewahi kuwatia watu wasiwasi: husimuliwa kwamba wapimaji wa Waingereza nchini India walipopiga hesabu za Everest katikati ya karne ya 19 walipata futi 29,000 kamili, wakaogopa kwamba dunia itadhani wamekisia, ndiyo maana mwaka 1856 mlima ulitangazwa kuwa na futi 29,002. Iwe kweli au iwe chumvi ya wasimulizi, kisa hicho kinaeleza vizuri kwa nini watu hupenda namba isiyo ya mviringo. Huonekana kama imefanyiwa kazi.

Kilimanjaro kimepimwa tena kwa satelaiti. Mwaka 1999 jibu lilikuwa mita 5,892.55, na mwaka 2008 likawa mita 5,890.79. Majibu yote mawili yameandikwa kwa sentimita, na bado yanatofautiana kwa karibu mita 2. Haina maana kwamba mlima ulizama kwa kiasi hicho ndani ya miaka 9. Sehemu kubwa ya ugumu wa kupima mlima ulio mbali na pwani ni kukubaliana usawa wa bahari ungekuwa wapi chini yake, na kila kikundi hutumia kielelezo chake cha usawa huo. Wataalamu husoma sentimita hizo wakijua zimefungamana na kielelezo gani. Mwandishi wa gazeti huzinukuu zikiwa zimekatwa kutoka kwenye maelezo yake, na hapo sentimita hugeuka kuwa pambo. Kwa matumizi ya kawaida, kusema mita 5,890 hivi kungetosha, ijapokuwa najua hakuna bodi ya utalii itakayokubali kuuza mlima wenye neno “hivi”.

Magugu niliyoyataja hustawi zaidi kwenye asilimia. Ripoti ya mradi huandika kwamba asilimia 46.67 ya wakulima waliohojiwa wanatumia mbegu bora. Ukifunua kiambatisho unakuta waliohojiwa walikuwa 30 na waliosema ndiyo 14. Katika kundi la watu 30, kila mtu mmoja ana uzito wa asilimia 3.3, haiwezekani namba hiyo ibadilike kwa asilimia 0.01, wala kwa 1. Na kama watu hao walichaguliwa kwa kura ili wawakilishe wilaya nzima, bahati ya uteuzi peke yake inaweza kulisogeza jibu kwa zaidi ya asilimia 15 juu au chini. Tarakimu mbili baada ya nukta hapo hazipo kabisa.

Inafaa kuitenga sensa na lawama hii, angalau nusu. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilitoa watu 61,741,120, yaani 59,851,347 wa Bara na 1,889,773 wa Zanzibar, na takwimu za namna hiyo lazima zibaki nzima kwenye majedwali ili jumla zioane. Ni hesabu ya walioandikwa, na hesabu hufuata sheria tofauti na kipimo. Lakini anayeandika leo kwamba Tanzania ina watu 61,741,120 ameigeuza hesabu ya usiku mmoja kuwa kipimo cha sasa, katika nchi ambamo maelfu ya watoto huzaliwa kila siku. Shirika la Afya Duniani halifanyi kosa hilo kwa malaria: ripoti yake ya mwaka 2023 ilikadiria vifo vya mwaka 2022 kuwa 608,000, tarakimu tatu na sifuri tatu, pamoja na wigo wa juu na wa chini. Wanaofahamu jinsi vifo vya vijijini vinavyopatikana kwenye daftari wataona kwamba hata ile 8 imewekwa kwa ujasiri.

Pingamizi ninalolitarajia ni kwamba kukadiria hupoteza taarifa ambayo mtu mwingine angeihitaji, na lina uzito, kwa kuwa kisa cha Coe na Ovett ni ushahidi wake. Jibu liko kwenye chumba cha waamuzi wa picha. Sehemu za elfu za mbio za mita 100 hazitupwi; hubaki kwenye faili la mashindano, na wakimbiaji wawili wakilingana kwa sehemu ya mia huku nafasi ya kuingia fainali ikiwa imebaki moja, hufunguliwa na kuwatenganisha. Kinachokadiriwa ni kile kinachotangazwa. Ofisi inaweza kufanya hivyo hivyo bila gharama: takwimu ghafi zibaki kwenye faili kama zilivyo, kikokotoo kitumie tarakimu zake zote, na ukurasa unaokwenda kwa wasomaji ubebe zile tu ambazo kifaa, sampuli au barabara inaweza kuzitetea. Mhariri anayepokea asilimia 46.67 hahitaji kuwa mtakwimu ili kuirudisha, anahitaji kuandika pembeni “wangapi kati ya wangapi?”, na itakaporudi ikiwa 14 kati ya 30, aichapishe hivyo hivyo.